Mrejesho: Hilton au Marriott mjini Bangkok

Ndugu zangu, niliwauliza mtu mwenye daraja la Gold katika Hilton Honors na pia Marriott Bonvoy, yaani mipango ya uanachama ya kampuni hizo mbili za hoteli, afikie hoteli ipi Bangkok, nami nashukuru kwa dhati kwa majibu yenu. Tulichagua Millennium Hilton, ng'ambo ya mto Chao Phraya, kwa sababu nje ya Marekani Gold ya Hilton humpatia mwanachama na mwenzake wa chumbani kifungua kinywa bila malipo, ilhali Gold ya Marriott haina haki hiyo, na kwa familia inayokaa siku kadhaa tofauti hiyo ni fedha nyingi. Pia, ukikaa siku tano mfululizo kwa kulipia kwa pointi za uanachama badala ya fedha, ya tano hailipiwi. Marriott nao wana utaratibu unaofanana na huo.

Aliyenitahadharisha kwamba hoteli hiyo iko mbali alisema kweli. Hata hivyo, boti ya hoteli huwavusha wageni hadi gati la Sathorn, karibu na stesheni ya treni ya Saphan Taksin, na mama yangu aliufurahia mno mto. Anayekusudia kushinda madukani Siam, ningemshauri Grand Hyatt Erawan, ingawa si ya Hilton wala Marriott, jirani na stesheni ya Chit Lom.