Gumzo la ukoo wa Mzee Komba: Tumaini kafika Conques

Tumaini: Shikamooni wakubwa. Leo nimetoka Toulouse, nipo Conques huku kusini mwa Ufaransa. Kijiji kidogo kimejibanza mlimani, mapaa ya mawe, halafu katikati kuna kanisa la watawa ambalo ukiliangalia unajiuliza waumini walitoka wapi. [Picha]

Shangazi Batilda: Marahaba mwanangu. Umekula?

Tumaini: Nimekula Shangazi 😀

Baba Mdogo Kastuli: Marahaba. La lini hilo?

Tumaini: Lilianza katikati ya karne ya 11, kazi ikaendelea hadi karne ya 12. Mtindo wa Kiromaneski: kuta nene, matao ya nusu duara. Yale matao ya kuchongoka yalikuja baadaye.

Baba Mdogo Kastuli: Dari la mbao?

Tumaini: Mawe. Kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, likalazwa juu ya kuta. Mita 22 hivi kutoka sakafuni.

Baba Mdogo Kastuli: Bila nondo?

Tumaini: Mawe na chokaa, basi.

Baba Mdogo Kastuli: Dari la hivyo linasukuma kuta nje usiku na mchana. Lazima kuna kitu kinazizuia. Angalia pembeni.

Tumaini: Pembeni kuna ujia kila upande, na juu ya ujia kuna ghorofa. Dari la hiyo ghorofa ni robo duara, limeegemea ukuta wa kati.

Baba Mdogo Kastuli: Haya, hapo nimeelewa. Hiyo robo ndiyo inayorudisha msukumo. Fundi huyo alikuwa fundi. Nilishaanza kuogopa wewe kukaa humo ndani.

Skola: Baba, limesimama miaka 900 na ushee.

Baba Mdogo Kastuli: Siku ya kuanguka haitangazwi.

Beni: Bibi ametuma ujumbe wa sauti kwa simu yangu. Anauliza hao watawa ni wa shirika gani.

Tumaini: Zamani Wabenediktini, kama wa abasia yetu ya Peramiho. Tangu 1873 wapo Wapremonstratensi.

Beni: Anasema hao wa pili hawajui. Lakini kama wa kwanza walikuwa kama wa Peramiho, basi bustani ilikuwa nzuri.

Skola: 😂😂 Bibi!

Shangazi Batilda: Sasa kijiji hicho kanisa kubwa la nini?

Tumaini: Mahujaji, Shangazi. Hapa ni njia ya kwenda Santiago de Compostela, Hispania, kwa miguu. Hata leo nimewakuta na mabegi yao mgongoni, vidole vimefungwa bandeji. Ndiyo maana hizo njia za pembeni zinazunguka mpaka nyuma ya altare. Umati unaingia, unazunguka, unatoka, na watawa katikati wanaendelea na sala zao hawasumbuliwi.

Skola: Kwa hiyo walipanga foleni kwa mawe. Hospitali zetu zingejifunza.

Beni: Walikuja kuona nini?

Tumaini: Masalia ya Mtakatifu Foy. Msichana wa miaka 12 hivi, aliuawa mji wa Agen mwanzoni mwa karne ya 4 kwa kukataa kutolea sadaka miungu ya Warumi.

Shangazi Batilda: Masikini mtoto. Agen ni hapo karibu?

Tumaini: Siyo karibu. Hapo ndipo kuna utamu. Masalia yaliibwa.

Baba Mdogo Kastuli: Na nani?

Tumaini: Na mtawa wa hapa hapa Conques, mwaka 866. Masimulizi yanasema alijiunga na jumuiya ya Agen, akakaa miaka kama kumi mpaka wakamwamini, wakampa kulinda kaburi. Siku moja akalifungua, akaondoka na mtakatifu.

Skola: Miaka KUMI? Huyo siyo mwizi, huyo ni mtumishi wa umma.

Baba Mdogo Kastuli: Wizi ni wizi. Na kanisa lote hilo limejengwa juu yake?

Tumaini: Kabla ya hapo Conques haikuwa na mtakatifu wa kuvuta watu. Wao walisema mtakatifu mwenyewe ndiye aliyetaka kuhama, maana asingetaka, asingekubali kubebwa.

Baba Mdogo Kastuli: Hata ng'ombe wa wizi hukubali kuswagwa.

Shangazi Batilda: Kastuli, usimfananishe mtakatifu na ng'ombe.

Tumaini: Walimtengenezea sanamu, mbao iliyovikwa dhahabu, ameketi kwenye kiti. Kichwa ni cha zamani kuliko mwili, cha enzi za Warumi, ndiyo maana uso ni wa mtu mzima, mkali. Picha hairuhusiwi, ila mawe ya thamani yamejaa mwili mzima. Mahujaji walikuwa wanatoa vito vyao. Mke wa mtawala wa Toulouse, Arsinde, inasemekana aliombwa na Foy bangili zake za dhahabu ndotoni, naye akaomba apate mtoto wa kiume. Akapata wawili.

Shangazi Batilda: Miaka 12, lazima apende bangili. Hilo naliamini kabisa.

Tumaini: Sasa mlangoni. Hapa nimesimama muda mrefu kuliko ndani. [Picha] [Picha] Hukumu ya Mwisho, imechongwa juu ya mlango, mwanzoni mwa karne ya 12. Watu 124, na rangi bado zinaonekana mahali mahali. Kushoto kwako mbinguni kumetulia, kila mtu kwenye tao lake. Kulia ni vurugu.

Beni: Huyo anayening'inia?

Tumaini: Bahili. Mfuko wa pesa shingoni. Jirani yake askari ameanguka na farasi, kichwa chini. Juu yao kuna mtengeneza pesa bandia. Na mwindaji anachomwa motoni, anayemgeuza ni sungura.

Beni: Sungura 😂😂😂

Skola: Hiyo ya bahili nimeihifadhi. Nawatumia ambao hawajatoa mchango wa kipaimara cha Beni. Wanajijua.

Baba Mdogo Kastuli: Mwisho wa mwezi Skola.

Tumaini: Na motoni kuna abate pia, yaani mkuu wa watawa, na fimbo yake. Hayo watawa waliyachongesha juu ya mlango wao wenyewe.

Shangazi Batilda: Hapo nimewaheshimu.

Beni: Nyuma ya yule aliyepiga magoti upande wa mbinguni kuna nini? Kama pingu.

Tumaini: Macho yako! Ndizo. Aliyepiga magoti ni Foy. Aliaminiwa kufungua wafungwa, nao wakija kushukuru walileta minyororo yao hapa. Nondo zinazozunguka altare zinasemekana zimefuliwa kwa hiyo minyororo.

Skola: Hao wanaochungulia juu kwenye ukingo je? Vidole vinaonekana, kitambaa wamekishusha usawa wa pua.

Tumaini: Wapo 14. Hapa wanawaita wadadisi. Hukumu inaendelea, wao wanataka kujua tu nani kapelekwa wapi.

Skola: Wa tatu ni Shangazi nyuma ya pazia lake siku majirani wakigombana.

Shangazi Batilda: Naona nimetajwa. Pazia langu, nyumba yangu. Tumaini, mbona madirisha hayana picha za watakatifu? Meupe tu kama ya benki.

Tumaini: Hayo ni ya 1994. Mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez hapo jirani. Hakutaka picha wala rangi, alitengeneza kioo kinachopitisha mwanga lakini huoni nje. Asubuhi yalikuwa na ubuluu kidogo, sasa hivi yameanza umanjano.

Shangazi Batilda: Mimi ningeweka Bikira Maria.

Baba Mdogo Kastuli: Ile dhahabu yote, mapinduzi ya Ufaransa yalivyopita, ilibakije?

Tumaini: Wanakijiji waligawana, wakaificha majumbani. Hali ilipotulia wakairudisha.

Baba Mdogo Kastuli: Wakairudisha? Maskini wale, na dhahabu ipo chini ya kitanda?

Tumaini: Sanamu ipo, Baba Mdogo. Nimeiona leo.

Baba Mdogo Kastuli: Basi watu kama hao ndio wa kushika hazina ya ukoo, siyo Skola.

Skola: Toa mchango kwanza, baba yangu.