Mrejesho: vifaranga wa bata waliopinda miguu, Ahero

Wadau, niliuliza kwa nini vifaranga wangu wa bata walikuwa wakipinda miguu na kutambaa badala ya kutembea, ilhali chakula cha vifaranga wa kuku wanakimaliza. Asanteni sana.

Aliyetaja niasini (vitamini B3) ndiye aliyepatia. Bata mchanga huhitaji takriban miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula, nyingi kuliko kifaranga wa kuku, na niasini ya mahindi mwilini haipatikani kirahisi. Nilinunua agroveti unga wa vitamini B wa kutia majini, nikachanganya na omena ya kusaga kwenye chakula. Maji nabadilisha asubuhi na jioni. Hawa ndege beseni safi wanaligeuza tope kabla hujafika mlangoni! Machicha ya busaa niliyaacha, yalishaota ukungu.

Wengi sasa wanakimbia wakisikia debe likigongwa. Mmoja anachechemea bado. Mwingine ukano wa kifundo ulishateguka, vitamini haikumsaidia, tukamchinja.

Mkinunua, someni lebo: niasini huandikwa pia nikotinamidi, na baadhi ya pakiti zina kidogo mno.