Nilisamehewa mbele ya kanisa zima, lakini moyo umegoma kuamini. Naombeni ushauri

MamaChai_Ihumwa (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Msio wa imani hii nawasalimu pia, na wakubwa shikamooni. Huwa nasoma tu humu, leo ndiyo mara ya kwanza kuandika. Ni refu, mnivumilie.

Nina miaka 36, mume na watoto wawili, naishi Dodoma. Asubuhi nauza chai, chapati na supu kwa mafundi wa ujenzi upande wa Mtumba. Kanisani nimeimba kwaya tangu nikiwa msichana, sauti ya pili, na kwa miaka minne nilikuwa mweka hazina wa kwaya.

Mwaka juzi nilikopa kausha damu bila mume wangu kujua. Walioonja mkopo ule wanajua, unalipa kila siku na deni liko palepale. Walipokuja kubeba friji na kuanza kunitangaza kwa majirani, nilifungua bahasha ya kwaya. Ilikuwa hela ya kurekodi, 1,850,000. Nilijiambia naazima, nitarudisha kabla ya Pasaka. Nikachukua kidogo, nikachukua tena, mpaka bahasha ikabaki na risiti tu. Siku mwalimu wa kwaya aliponipigia kwamba studio wanataka malipo ya kwanza, nilikuwa nakanda unga. Nilikaa chini palepale, simu nimeibana begani, unga umejaa mikononi, nikashindwa kutoa hata neno moja.

Sijitetei. Niliiba. Nilikiri kwa mume wangu, kwa mchungaji, kisha kwa kwaya nzima. Tuliuza kiwanja tukaanza kulipa. Nilitengwa na Meza ya Bwana miezi sita, halafu nikarudishwa kundini mbele ya watu wote. Mchungaji aliniwekea mikono, watu wakaimba, wengine walilia.

Tangu siku hiyo sijakwenda mezani hata mara moja. Nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na watu wakianza kusogea mbele natoka nje kama mtu anayemfuata mtoto. Jumapili ya mavuno, dada aliyekaa kulia kwangu alinyoosha mkono akapitisha kikapu cha sadaka juu ya magoti yangu, akampa aliyekaa kushoto. Labda ilikuwa haraka tu. Mimi nimelala na kikapu kile mpaka leo. Naamka saa nane usiku na usingizi haurudi. Mume wangu hajawahi kunisimanga hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Juzi binti yangu wa miaka tisa ameniuliza, "Mama, Yesu bado amekununia?" Nilikosa jibu.

Sasa kuna jirani amenipeleka kwa mtumishi mmoja. Ameniambia nina roho ya aibu niliyorithi kwa bibi, na itakatwa nikipanda mbegu ya laki tatu kabla mwezi haujaisha. Nimeshakusanya laki na nusu. Je, nitoe? Au nihame kanisa nianze upya mahali wasiponijua? Na mtu aliyesamehewa anajuaje moyoni kwamba ni kweli?

Kijana_wa_Kizota

Pole sana dada. Hiyo laki na nusu usimpe mtu yeyote kwanza. Subiri wakubwa waje.

Mzani

Nitasema ambalo wengine wanaona aibu kusema. Hela ya kwaya ni jasho la watu, kuna wamama pale walitoa mia tano mia tano za kuuza mchicha. Umelipa zote? Zakayo aliposhuka mtini hakuomba watu wamwelewe, alisema atarudisha mara nne. Wengi wanataka neema ila daftari la madeni hawataki kulifungua.

MamaChai_Ihumwa

Mzani, uko sahihi, sijakwazika. Nimelipa 1,600,000, imebaki 250,000. Kwaya walinipa mpaka mwezi wa nane na tuliandikishana mbele ya wazee wa kanisa.

Mzani

Basi umefanya kuliko nilivyodhani, na nakuomba radhi kwa ukali. Ila sasa hesabu mwenyewe: unadaiwa laki mbili na nusu na kwaya, mkononi una laki na nusu, na unataka kumpelekea mtu usiyemdai wala asiyekudai. Hiyo hela ina mwenyewe tayari.

Shuhuda_Hai

Msimzuie mwenzenu kupokea. Mimi nilikaa mtaani miaka mitatu, nikapanda mbegu, mwezi wa pili nikaitwa kazini. Mungu habanwi na madhehebu yenu. Kuna vifungo vya ukoo ambavyo toba peke yake haivigusi.

Mwinjilisti_Mstaafu

Shuhuda, namshukuru Mungu kwa kazi uliyopata. Lakini tusimtwishe huyu binti mzigo usio wake. Kule Samaria Simoni aliyekuwa mchawi aliwaletea mitume fedha apate kilicho cha Mungu, na Petro alimkatalia kwa maneno makali, yako Matendo sura ya 8. Kutoa sadaka ni ibada. Kutajiwa bei ya kufunguliwa ni biashara, na wanaoumia ni wenye majeraha kama hili. Bibi yake hahusiki. Aliyefungua bahasha ni yeye, ameshasema hivyo mwenyewe, na kumwambia ni roho ya bibi ni kumnyang'anya toba yake ya kweli.

Sasa niseme nawe, binti yangu. Nimelelewa Mvumi na wazee wa uamsho, ule moto uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukafika mpaka huku Ugogo. Wazee wale walikuwa na neno lao, "kutembea nuruni". Mtu alisimama akataja dhambi yake kwa jina lake, kama ulivyoandika wewe hapo juu, "niliiba". Lakini nilichokiona nikiwa mtoto ni kwamba akishamaliza kutaja, walimzunguka wakaimba, na kesho yake hakuna aliyemwita kwa jina la dhambi ile. Wewe umebaki kwenye nusu ya kwanza. Kila usiku saa nane unasimama tena unakiri, na ukimaliza hakuna anayekuimbia.

Unauza chai, kwa hiyo moto wa makaa unaujua. Soma Yohana 18, usiku wa baridi, Petro anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Pale ndipo alipoulizwa akakana mara tatu. Sasa fungua sura ya 21. Alfajiri, ufukweni, Yesu amefufuka, naye amewasha nini? Moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate. Katika Agano Jipya lote, lile neno la Kiyunani la moto wa makaa limetumika mahali hapo pawili tu. Mimi naamini Yohana alilikumbuka kwa makusudi. Harufu ni ileile. Petro alipotoka majini akanusa moshi ule, unadhani alikumbuka nini?

Na Yesu hakuanza na bahasha. Alisema, "Njoni mfungue kinywa." Yaani chai ya asubuhi, binti yangu, kazi yako wewe. Maandiko yanasema walipokwisha kula ndipo alipomuuliza, "wanipenda?", mara tatu, sawa na mara alizokana. Kwanza alimlisha. Maswali yalikuja mtu ameshashiba.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na najua Mzani hataupenda. Lipa deni, ndiyo, hiyo laki na nusu ipeleke kwaya wiki hii. Lakini usisubiri senti ya mwisho ndipo uende mezani. Nenda Jumapili hii ukiwa bado unadaiwa ile laki moja. Ukisubiri mpaka umalize, utakwenda kama mtu aliyenunua nafasi yake, na hutakaa uonje neema ni nini.

Mzani

Mzee, shikamoo. Nimeusoma mara mbili. Kwa hapo nanyamaza.

Rozari_Kikuyu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki. Kwetu ukitoka kwenye kitubio padre ameshakuondolea, umebaki na malipizi yako unayafanya, na ukirudi wiki ijayo na dhambi ileile uliyoungama, padre atakuuliza kwa nini unaifukua. Mama yangu alikuwa anasema hisia zinakuja kwa miguu, msamaha unakuja kwa basi. Ukishuka stendi usikatae kwamba umefika kwa sababu hisia bado ziko njiani.

Nesi_Makole

Dada, nimeokoka na ni muuguzi, naomba niongee kwa vyote viwili. Kuamka saa nane usiku kila siku kwa miezi, kujiona huna thamani, kukwepa watu, hayo tunayaona sana. Mara nyingi moyo unaumwa kama tumbo linavyoumwa, na kusali hakuzuii kutibiwa. Nakuuliza wazi, na ukipenda nijibu faragha: unakula? Umewahi kufikiria kujidhuru?

MamaChai_Ihumwa

Nakujibu hapa hapa, labda kuna mwingine anasoma. Nakula kidogo. Kujidhuru hapana. Ila kuna usiku nimetamani nisiamke.

Nesi_Makole

Asante kwa kusema, najua haikuwa rahisi. Hilo la kutamani usiamke mwambie mume wako leo, asikie kwa mdomo wako. Na wiki hii nenda hospitali ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili. Wakikuandikia Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili, usiogope jina. Hapa mjini tumelifanya tusi, mtoto akikosea kidogo anaambiwa "upelekwe Mirembe", lakini nimeona pale walimu, wachungaji na wake zao wakikaa kwenye benchi moja na wengine, wakahudumiwa, wakarudi kazini. Ukikosa nauli au mtu wa kukusindikiza, niandikie, nitabadilisha zamu.

Mkulima_Mpunguzi

Mbukwenyi. Mimi si msomi wa dini, nalima zabibu ekari moja na nusu. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila nikikaribia kupogoa au kuvuna natafuta vibarua. Ukienda alfajiri unachukua vijana wenye nguvu. Ukirudi mchana wamebaki wachache. Jioni anayekuwa bado amesimama ni mzee, au anayekohoa, au mtu ambaye kijiji kimemsema hafai.

Yesu aliusema mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Wa mwisho waliitwa saa kumi na moja. Sisi saa hiyo hatuhitaji kuelezwa, ni ileile ya kwetu, jua linashuka na imebaki kama saa moja giza liingie. Bwana shamba akawauliza kwa nini wamesimama kutwa nzima, wakasema hakuna aliyewaajiri. Akawapeleka, na jioni akawapa dinari nzima, mshahara wa kutwa.

Niseme kweli, mfano huu uliniudhi miaka mingi. Kama mwenye shamba nilijua ukilipa hivyo, kesho hakuna atakayekuja alfajiri. Mpaka nilipoacha pombe nikiwa na miaka 51. Nilikuwa nimeshauza ng'ombe wa baba, mke amerudi kwao, watoto wananipita njiani kama mgeni. Siku nasoma tena mfano ule ndipo nilipogundua nilikuwa nausoma nikiwa upande wa vijana wa alfajiri, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama jioni. Nililia kwenye mtaro wa mizabibu, peke yangu, mkasi wa kupogolea uko mkononi.

Dada, usihame kanisa. Ukihama, hapo utakapofika watakupenda kwa sababu hawajui, na moyo wako utakwambia wangejua wasingekupenda. Hapo ulipo wanajua kila kitu na bado walikuimbia. Na huyo wa kikapu, kama kweli alikuruka, mwombee. Anaweza kuwa naye ana bahasha yake.

Kijana_wa_Kizota

Nilikuja kusoma matatizo ya mtu mwingine, sasa hapa nimekaa kwenye pikipiki nje ya geti la abiria, macho yamelowa. Mtoto akiuliza tena mjibu Isaya 43:4, "ulikuwa wa thamani machoni pangu". Ni fupi, atalishika.

MamaChai_Ihumwa

Wapendwa, nimerudi kuwapa mrejesho. Samahani kwa kukaa kimya siku kumi na mbili.

Jioni ile nilimwambia mume wangu la kutamani nisiamke. Alizima redio, akanishika mkono, hatukuongea mpaka umeme ulipokatika na kurudi. Kesho yake alinipeleka hospitali mwenyewe. Nimepewa dawa na siku za kwenda kuongea na mshauri, nimeshakwenda mara mbili. Nesi, asante kwa kunisindikiza siku ile ya pili. Saa nane bado naamka, ila si kila usiku.

Laki na nusu niliipeleka kwa mweka hazina mpya. Aliihesabu mbele yangu, akaniandikia risiti, akaniuliza supu ya mbuzi naiuza bei gani maana ana wageni. Kwa mtumishi sikurudi, na jirani nimemweleza kwa upole. Amenuna kidogo.

Jumapili nilikaa benchi la nne. Watu waliposimama kwenda mezani miguu ilikuwa mizito, binti yangu akanisukuma mgongoni kwa kidole. Mbele nilikinga mikono, ikawa inatetemeka mpaka mchungaji akaishika kwa mkono wake wa kushoto ndipo akaweka mkate. Nilikuwa nimekanda chapati alfajiri, na kwenye kucha unga ulikuwa bado upo. Sikusikia mbingu zikifunguka, Rozari, ulisema kweli kuhusu hisia. Nilisikia tu utamu wa divai na joto la mkono wa mchungaji. Nilikula.

Tulipotoka nje mwalimu wa kwaya hakunisogelea, nikajua ndiyo basi. Usiku akanitumia ujumbe, naunakili kama ulivyo: "Mazoezi ni Jumatano saa kumi na moja. Sauti ya pili wako wawili tu na mmoja anakaribia kujifungua. Uje na daftari lako la nyimbo."

Daftari nimelikuta chini ya gunia la unga, limeliwa na mende pembeni lakini maneno yanasomeka.