Punda wa mzee ana miaka 24, anatema majani: tumtunze vipi bila ya kumuuza?

Mjukuu wa Jambiani
Assalaam alaykum. Mzee wetu ana punda dume aliyehasiwa, yuko naye tangu alipoachishwa ziwa. Kabeba shogi la makumbi, kavuta gari, na siku hizi humpanda tu kwenda shamba na kurudi. Tangu Ramadhani amekonda, mbavu zinahesabika. Hutafuna majani kisha huyatema yakawa matonge. Wapo jamaa wanaosema auzwe, anunuliwe kijana. Mzee hataki kulisikia hilo, na sisi tunachelea kuwa akiondoka punda, mzee naye atavunjika. Tuanzie wapi?

Bwana Mifugo wa Kusini
Waalaykum salaam. Anzieni kinywani. Okota tonge moja ulifungue kwa vidole: ukikuta nyuzi ndefu za majani zimesokotana na mate, magego hayasagi tena. Jino la punda husukumwa kutoka kwenye ufizi umri wake wote huku likilika juu, mpaka mzizi uishe. Taya la chini ni jembamba kuliko la juu, kwa hiyo magego ya juu huota ncha kali upande wa shavu na ya chini upande wa ulimi. Ncha zikichoma nyama, mnyama hutema.

Mwiteni daktari wa mifugo amdunge sindano ya kumtuliza, amwachamishe kwa chuma chake, apunguze ncha kwa tupa maalumu. Ncha tu. Kwa umri huo mzizi umebaki mfupi, na jino likipigwa tupa sana hulegea. Tupa ya seremala msiiguse.

Wengine watawaambia kukonda huko ni ugonjwa wa mbung'o. Mbung'o Unguja walishatokomezwa miaka ya 1990 kwa kuachia mbung'o madume waliofanywa tasa. Baada ya meno, tazameni minyoo na kupe.

Mkulima Makunduchi
Mpeni pumba za mpunga ndoo nzima asubuhi na ndoo jioni, mwezi mmoja tu atanenepa.

Mama Hori
Ndugu yangu, usimuue kwa ihsani. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo. Zikiwa ndio chakula chenyewe, mwili hung'oa kalisi kwenye mifupa na mataya huvimba. Zisizidi robo ya chakula. Na pumba zikikaa kwenye joto letu siku chache huchacha mafuta, zinuseni kabla.

Punda wa kilo 150 hutosheka na kilo 2 mpaka 2 na nusu za chakula kikavu kwa siku. Asiye na magego mkatieni majani mafupi, yasizidi urefu wa ukucha wa kidole gumba, maana nyuzi ndefu asizozisaga hujifunga tumboni na kinyesi kikakwama. Pumba zirowekeni mpaka ziwe kama uji mzito. Gaweni mara nne au tano, na chakula kipya kiingizwe polepole kwa wiki mbili.

Vipande vya duara vya muhogo au karoti humkwama kooni. Kateni virefu na vyembamba. Maganda mabichi ya muhogo mchungu yana sumu, msimpe kabisa. Mahindi yaliyoota ukungu ndiyo ya kuogopwa zaidi: sumu yake hulainisha ubongo wa punda na farasi, na hakuna dawa. Hata kuku msiwape, chomeni.

Maji yawe safi kila siku. Punda ni mwenye kinyaa, maji yenye harufu atayaacha hata akiwa na kiu.

Fundi Tandiko
Kuhusu kupandwa. Hata punda mzima mwenye nguvu hafai kubebeshwa mtu anayezidi kilo 50 hivi. Huyu wenu, mzee amshike hatamu, watembee pamoja mpaka shamba. Lakini msimwache amefungwa mnazini kutwa: viungo vikikaa bila ya kwenda hukaza. Akitoka asubuhi mguu mkavu kisha baada ya hatua mia akalainika, hayo ni maumivu ya viungo vya uzee.

Tazameni pia mbele ya vifundo vya miguu ya mbele. Mkikuta michubuko isiyopona, halali chini usiku. Punda husinzia wima, ila usingizi mzito unataka alale. Akiona shida kuinuka hujizuia, mwisho hupiga magoti ghafla. Mwekeeni mchanga mkavu wa kutosha bandani. Paa nalo ni lazima, manyoya yake hayazuii mvua, na masika humpiga vibaya.

Kwato zipunguzwe kila wiki 6 mpaka 10. Anayetembea juu ya mawe ya upande wetu kwato humlika zenyewe, anayekaa mchangani humrefuka. Jeraha lisipakwe oili chafu: maji yaliyochemka nusu lita, chumvi kijiko kimoja cha chai, osha. Na ulizeni chanjo ya pepopunda.

Mjukuu wa Jambiani
Ahsanteni sana. Daktari tumeshampigia. La mwisho: mzee huenda akalazwa mwezi ujao. Punda atakuwaje?

Bwana Mifugo wa Kusini
Hili ndilo nililotaka mliulize. Punda akitenganishwa na aliyemzoea huweza kuacha kula, na punda asiyekula mwili wake humwaga mafuta kwenye damu mpaka ini linashindwa. Daktari akimtoa damu akaiacha itulie kwenye chupa, juu hukaa cheupe kama tui. Wengi hawaponi. Kwa hiyo akipita siku nzima hajala, mdomo unanuka, kinyesi kidogo chenye ute, msingoje kesho.

Anzeni sasa. Wewe mjukuu simama ubavuni mwa mzee kila anapomlisha, saa zile zile, ndoo ile ile. Wiki ya pili wewe ushike ndoo, mzee asimame pembeni. Banda lisihamishwe, kamba isibadilishwe. Kama ana mwenzake, mbuzi au punda mwingine, wasitenganishwe. Na mwenzake akifa, muacheni akae na mzoga mpaka aondoke mwenyewe, hata ikichukua saa nyingi.

Na muulize mzee humwita vipi. Jifunze mwito huo huo, kwa sauti ile ile.