Marashi ya shilingi 2,800: ndimu dakika 20, mbao nazisubiri hadi leo

Jamani nimeudhika, wacha niseme.

Wiki mbili nyuma nilinunua chupa ya mililita 100 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni hapa Mombasa, jina silitaji. Tangazo lilisema ni mfano wa Hacivat, ile ya Nishane, watengeneza marashi wa Istanbul, iliyotoka 2017. Mwanzo balungi na nanasi, kisha mwerezi na harufu ya msitu, "saa 12 kwenye ngozi". Ya asili ni zaidi ya dola 200, sina. Kwa hivyo msinianzishie habari za kuiga, nilijua ninachonunua. Na ya asili naijua: binamu yangu alikuja na kichupa cha mililita 2 kutoka Dubai. Kanzu niliyoipulizia Ijumaa, Jumapili bado yanukia mti.

Basi. Jumamosi tulikuwa na nikaha Mji wa Kale, baada ya Isha. Nikajipulizia mara nane hivi, shingoni, mikononi, na kwenye kanzu. Dakika za mwanzo haki yake niipe: danzi limemenywa sasa hivi. Nimetoka nyumbani najiona bwana harusi mimi. Tuktuk kutoka Tudor, mwendo gani huo? Nashuka, kitu hakipo. Shangazi yangu kunikumbatia, akarudi nyuma: "Mwanangu, watoka hospitali?"

Spiriti tupu.

Kabla hamjanifundisha: najua harufu ya ndimu na machungwa ni nyepesi. Limonene iliyo kwenye ganda hupaa upesi, na kwa joto la huku ndiyo kabisa. Hata marashi ya bei ghali hayaliepuki hilo. Lakini ndiyo kazi ya mbao! Mti ni mzito, haupai ovyo, chungwa likishaondoka huo ndio unaokusitiri mbele za watu. Hii chupa haina harufu ya chini, ile ya kubaki. Ni ganda la ndimu na spiriti, kwisha.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu la kwanza: ngozi yangu kavu, haishiki. Na kanzu je, nayo ngozi yake kavu? Jibu la pili: niiweke kabatini wiki tatu "iive". Iive! Kwani nimenunua mkungu wa ndizi? Kutaja kurudishiwa pesa tu, akanizuia nisimwandikie tena. Ndipo nikaligeuza boksi: nambari ya bechi hakuna, orodha ya viungo hakuna, kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakuna. Hapo nami nina langu, kijana wa bodaboda alikuwa na haraka nikapokea bila kuangalia.

Linaloniuma ni kuwa niko Mombasa. Pesa hizo ningeshuka mjini nikapimiwa mafuta ya manukato, yale ya kuuzwa kwa tola (kipimo chao kidogo), ukigusa nyuma ya sikio asubuhi, usiku mto wote wanukia. Na mwenye duka yuko pale pale kila siku, ukirudi na neno lako atakujibu ana kwa ana. Mimi nikaenda kufuata picha ya chupa.

Aliyewahi kurudishiwa pesa na hawa wa mtandaoni aniambie alipita njia gani. Na kama kuna mfano wa Hacivat wenye mti kweli, semeni jina na mlikonunua. Wa kuniambia niiache iive, apite kando.