Steshenari yangu ipo Posta, serikali imehamia Dodoma: nibaki mjini kati au nifunge?

KopiYaPosta ameandika:

Habari zenu wadau. Naomba ushauri wa watu wanaoijua Posta ya Dar kwa kutembea kwa miguu.

Nina fremu ya steshenari pembeni ya Mtaa wa Samora. Natoa kopi, nachapa, napiga picha za pasipoti, nafunga vitabu. Kwa miaka mingi ada za watoto wangu zilitoka kwenye kitu kimoja tu, zabuni za serikali. Aliyewahi kuomba kazi serikalini anakumbuka ilivyokuwa. Mteja anakuja saa kumi jioni na rundo la karatasi, mwisho wa kuwasilisha ni kesho yake saa nne asubuhi. Anataka nakala halisi moja na kopi mbili au tatu. Leseni, TIN, hesabu zilizokaguliwa, wasifu wa mafundi, orodha ya mitambo, kila ukurasa una mhuri na saini, na vyote viingie kwenye kitabu kimoja kisichochomoka karatasi. Wengi hawakutaka spairo, walitaka gundi na jalada gumu. Kijana mmoja anasimama kwenye mashine, mwingine anapanga, mimi nahesabu kurasa kwa kidole kilicholowa maji, maana ukurasa ukikosekana mteja anaenguliwa na kazi ya mamilioni inapotea. Gundi inataka muda wa kukauka, kwa hiyo vitabu tunavilaza chini ya marimu ya karatasi, tunakunywa chai, kunakucha. Asubuhi mteja anabeba bahasha yake kwa miguu hadi Kivukoni au Magogoni, zilikokuwa wizara.

Usiku ule hatukuwa peke yetu. Mama wa supu alikuwepo, mlinzi, kijana wa kahawa, bajaji mbili tatu zinasubiri. Zabuni moja ililisha watu ambao hawakujua hata inahusu nini.

Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali yote inakwenda Dodoma. Wizara zikaanza kuondoka kwa mafungu. Halafu zabuni zenyewe zikaingia kwenye mtandao, kwanza kupitia mfumo wa TANePS, na mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa NeST. Leo mzabuni anapakia nyaraka akiwa sebuleni kwake Kimara, na kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kampuni inasajiliwa kwa simu. Kwa nchi ni hatua nzuri na naiunga mkono. Lakini mtaa wangu umepoteza watu mara mbili, waliohama na ambao hawana tena sababu ya kuja.

Sasa hivi saa saba mchana bado kuna pilika kidogo. Ikifika saa kumi na mbili jioni, mwendokasi ikishazoa watu wa maofisini, nasikia viatu vya mtu mmoja kutoka mwanzo wa mtaa. Mgahawa uliokuwa jirani umefungwa. Ghorofani kuna madirisha ambayo sijaona taa kwa muda mrefu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo, kwa bei ya enzi za wizara.

Nina njia tatu kichwani: nihamie Kariakoo, niifuate serikali Dodoma, au nibaki. Na nje ya biashara yangu nauliza kwa dhati: katikati ya jiji kubwa kama hili kunaweza kurudi uhai, au ndiyo basi?

---

Fremu_Msimbazi:

Kaka, kuhusu Kariakoo nikuambie ukweli, nipo huku. Fremu ya saizi yako imeshakatwa vipande vitatu na kila kipande kina mtu wake. Ukitaka mtaa wenye watu, kabla ya kodi utadaiwa kilemba, yaani hela ya kuachiwa fremu, na kilemba hicho ukikipata leo ni bora ukakinunulie mashine mpya. Steshenari za jumla zimejaa, daftari na marimu tunauziana kwa faida ya shilingi mia.

Watu wapo wengi, hilo halina ubishi. Mzambia, Mkongo, Mkomoro, mtu wa Mbeya, mtu wa Mwanza. Ila wanakuja kuchukua mzigo. Karatasi pekee wanayohitaji ni risiti na kopi ya pasipoti kwa wakala wa usafirishaji, na wakala naye ana mashine yake ndogo mezani. Utapata wateja wa shilingi mia mia kuanzia asubuhi mpaka usiku, na kodi haitakusubiri.

---

Nyumbani_Dom:

Nakubaliana naye, na mimi nakufungia mlango wa huku. Wizara ziko Mtumba kwenye Mji wa Serikali, nje kabisa ya mji. Mtumishi anashuka kwenye gari la ofisi, anaingia getini, anakula kantini ya ndani, anarudi na gari lilelile. Hakuna Samora ya Dodoma ambapo mtu wa wizara anakutana na mtu wa kopi. Na NeST ni ileile huku na huko. Utakuwa umehama kufuata kazi ambayo haipo tena popote.

---

Mipango_Ilala:

Mimi ni mtu wa mipango miji, naomba nikujibu swali la mwisho kwa urefu kidogo.

Simama Mtaa wa Jamhuri au Libya usiku wa saa mbili. Mishkaki inageuzwa, kuku wanatoka motoni, familia zimekaa kwenye viti vya plastiki, watoto wanakimbizana. Kutoka hapo hadi kwako ni dakika chache kwa miguu, na wizara ziliwahama wao kama zilivyokuhama wewe. Tofauti ni kwamba huko, Kisutu, watu wanalala. Inua macho uangalie zile nyumba za zamani za ghorofa mbili tatu, nyingine zina mwaka wa kujengwa kwenye paji la ukuta. Chini duka, juu makazi. Mwenye duka anashuka ngazi kufungua biashara na jirani anashuka ngazi kununua. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, umiliki ulikwenda kwa Msajili wa Majumba na baadaye NHC, shirika la nyumba la taifa, lakini juu waliendelea kuishi watu. Uhai ule haukutegemea ofisi ya mtu.

Kisha tukaanza kubomoa. Palipokuwa na milango sita ya maduka tukasimamisha mnara wenye mlango mmoja, mlinzi, benki, na sakafu kadhaa za maegesho kabla hujafika kwa binadamu wa kwanza. Ukipita usiku pembeni yake unapita ukuta. Mtaa mmoja ukipata minara mitatu ya aina hiyo, anayetembea kwa miguu hana sababu ya kupita. Kuhama kwa wizara kumefichua udhaifu ambao tulishaujenga kwa zege.

Utaniuliza kwa nini wenye minara hawashushi kodi wakati sakafu ziko tupu. Mingi ni ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Thamani ya jengo kwenye vitabu vyao inakadiriwa kwa kodi linayoweza kuingiza. Ukishusha kodi, unashusha thamani ya jengo zima kwa kalamu moja, kwa hiyo kwa meneja ni salama zaidi kuacha sakafu tupu na kusema anasubiri mpangaji. Kodi nyingi zilikuwa kwa dola, mpaka kanuni za mwaka 2025 zilipopiga marufuku kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Wapo wanaosema tugeuze ofisi hizo ziwe nyumba. Natamani sana, lakini si kazi ya kupaka rangi. Sakafu ya ofisi ina vyoo sehemu moja, karibu na lifti. Ukitaka nyumba nane pale, unahitaji maji na bomba la taka kwenye kona nane, jiko lenye hewa, na luku ya kila mtu. Minara mipana ina vyumba vya katikati visivyoona dirisha. Rahisi zaidi ni hosteli, yaani vyumba pembeni na mabafu ya pamoja palepale yalipo. Vyuo viko karibu, IFM iko Shaaban Robert, CBE na DIT ziko Bibi Titi, wanafunzi wao wanatoka Mbagala na Gongo la Mboto kila siku. Sakafu tano tu za hosteli zingewasha taa za mtaa wako.

---

Mama Nasra wa Feri:

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea ingawa hujanipa. Mimi ni mama lishe, nilikuwa napikia watu wa Magogoni. Nilikuwa na daftari la kukopa, mwisho wa mwezi wananilipa. Walipohama, mwingine alihama na deni langu, nimemsamehe.

Wiki nzima nilipika nikarudi na sufuria. Kisha nikakaa nikaangalia nani anapita. Asubuhi wanapita wa boti ya Zanzibar ya saa moja, wamefika mapema, wana njaa na wanaogopa kutapika baharini. Hao hawataki wali nyama, wanataka chai ya tangawizi, chapati kavu, maji. Wanapita wa pantoni kutoka Kigamboni. Wanapita wanafunzi, mchana, hela zao ndogo. Nikapunguza sahani ya mchana, nikaongeza asubuhi, nikaacha nyama nikaweka maharage na dagaa. Wateja wangu sasa siwajui majina kama zamani, na hilo linaniuma, nilikuwa najua hadi mtoto wa nani kafaulu. Lakini moto unawaka.

Wewe unauza karatasi kwa watu waliohama. Kaa mlangoni kwako uangalie nani anapita.

---

KopiYaPosta:

Mama, shikamoo, na nisamehe kwa kuchelewa. Maneno yako nimeyafanyia kazi. Jumatatu na Jumanne nimekaa nje na kiti, kijana akabaki na mashine.

Wanaopita na begi la magurudumu wameongezeka, nadhani ni wa SGR. Tangu treni ianze kwenda Dodoma Julai 2024, Stesheni imerudi kuwa mahali pa watu. Wengine ni walewale wa wizara, wanakuja Dar kwa kikao, wanatembea na faili. Mmoja nilimwita, akaniambia wanachapa taarifa dakika za mwisho na hawajui pa kwenda, hoteli inawatoza bei mbaya. Wapo wa viza, kwa sababu balozi nyingi bado ziko Dar. Hao wanachanganyikiwa na vipimo vya picha: za Ulaya ni milimita 35 kwa 45, za Marekani ni inchi mbili kwa mbili. Nimebandika vipimo mlangoni na siku hiyohiyo wameingia wanne.

Na wanafunzi, ndugu Mipango. Ripoti zao za chuo wanazitakia jalada gumu, maandishi ya dhahabu, gundi. Kazi ileile ya zabuni! Gundi ninayo, kisu cha kukatia karatasi ninacho, kijana anajua. Nilikuwa natafuta mbali.

Swali lililobaki ni kodi. Nikibaki siwezi kuilipa ya zamani, na wanafunzi wana msimu, mwezi wa pili mtaani hakuna mtu. Mwenye nyumba nimwambie nini?

---

Mzee wa Zanaki:

Nina vyumba viwili vya duka mitaa ya Zanaki, naongea kama mwenye nyumba.

Usiende na malalamiko, nenda na daftari. Mwonyeshe mauzo ya miezi mitatu iliyopita na fremu zilizofungwa upande wenu wa mtaa. Mwambie uko tayari kusaini miaka miwili badala ya mmoja, kodi ishuke na ilipwe kila miezi mitatu. Miaka miwili ya uhakika inatutuliza sisi kuliko bei kubwa ya mpangaji atakayekimbia Juni. Mimi fremu yangu moja ilikaa tupu mwaka mzima nikisubiri bei ya zamani, ikaingia panya na maji ya mvua.

Halafu mwombe akuruhusu kufungua hadi saa tatu usiku na aweke taa nje kwa gharama yake. Kwetu Zanaki taa ya mlangoni ndiyo iliyomrudisha muuza mishkaki kwenye kona, na alipokaa yeye, duka la dawa la pili yake nalo likaacha kufunga saa kumi na mbili. Waambie na majirani zako waombe hivyohivyo. Ukienda peke yako utapata punguzo. Mkienda watatu, anaweza akaweka na taa.

---

KopiYaPosta:

Nimekuelewa mzee wangu. Mgahawa uliofungwa ni wa mwenye nyumba huyohuyo, na kinyozi wa pembeni naye analia na kodi. Tunakwenda Alhamisi tukiwa wawili, huyo wa mgahawa nimempigia simu yuko Tabata, kasema atafikiria. Mama Nasra, kama kuna mtu wa supu unayemjua anayetafuta kona ya jioni, mlete aongee nami. Kwangu pana ukumbi mdogo mbele ya fremu na maji yapo.