Mashine za majaribio tumeachiwa watu wawili, na sasa nasema

Wakuu, salamu. Nimekasirika na sitajifanya sijakasirika.

Tulijiandikisha watu tisa, kwa hiari, kutunza mashine zinazoijaribu programu yetu kila badiliko jipya linapoingia. Tukapangiana zamu za wiki moja moja. Leo wanaoshika zamu ni wawili: mimi na mwenzangu mmoja, ambaye naye ameanza kuchelewa kujibu. Simlaumu hata kidogo.

Ninyi wengine mkiona nyekundu, yaani jaribio limefeli, mnabonyeza "rudia". Ikirudi nyekundu mnabonyeza tena, hadi ipatikane kijani, yaani limepita, kisha hao, mnaondoka. Jaribio linalofeli mara moja kati ya tano lina sababu yake. Pengine linasubiri sekunde 2 tu kwenye mashine iliyoelemewa, au jaribio lililotangulia halijaachia bandari ya mtandao (namba ya mlango ambao programu hupokelea mawasiliano). Wakati mwingine kosa limo kwenye programu yenyewe, na hilo litamwangukia mtumiaji.

Lililonifikisha hapa ni la saa. Umeme ulikatika, mashine moja ikawaka na tarehe mbovu, mtu akaiweka kwa mkono akakosea siku 2 mbele. Baadaye mwingine akaona, akairudisha sawa, akaenda zake bila kufuta mafaili yaliyokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa kutoka msimbo tunaouandika kuwa programu ya kuendeshwa. Sasa jamani, make, zana inayoamua faili lipi likompailiwe upya, huangalia tarehe za mafaili tu! Ikikuta faili lililokompailiwa lina tarehe mpya kuliko msimbo, inaamini hakuna kilichobadilika na inaliruka. Kwa hiyo siku 2 nzima mashine ilikuwa inajaribu programu ya zamani na kutuwashia kijani. Tukaunganisha mabadiliko kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo, kwa kuiamini kijani hiyo. Onyo la tarehe za mbele lilikuwa kwenye logi, kumbukumbu ya kila hatua ya mashine, tangu mwanzo, na hakuna aliyeifungua logi. Nilikesha usiku mbili kutafuta kosa ambalo mstari mmoja kwenye daftari la zamu, "nimerekebisha tarehe", ungenionyesha kwa dakika tano.

Diski kujaa sitaki hata kuieleza. Kila mmoja ana ruhusa ya kufuta matokeo ya zamani.

Msiniambie kazi ya kujitolea ndivyo ilivyo. PostgreSQL, mradi wa programu huria ya hifadhidata, wana shamba la mashine za namna hii tangu 2004, zinatoka kwa watu mbalimbali wanaojitolea. Kila mashine imepewa jina la mnyama na ina mwenyewe anayejulikana. Ikiharibika, inajulikana nani wa kuulizwa. Kwetu mashine ni za wote, ndiyo maana hazina mtu.

Ninachotaka ni hiki. Kila mashine iandikwe jina la mtu mmoja, na wa pili wa kumpokea akisafiri au akiugua. Ukigusa kitu, andika ulichogusa. Kabla ya kubonyeza "rudia", soma logi na uweke sababu uliyoiona, hata kama ni ya kukisia.

Ambaye hawezi tena aseme hapa hapa chini, nimtoe kwenye orodha na kufuta ufunguo wake wa kuingilia. Hakuna atakayemsema vibaya. Maisha yana mengi. Zamu ya wiki hii si yangu. Mwenye zamu anajijua, na mashine ya ARM (yenye aina hiyo ya kichakataji) imezimika tangu juzi.